Fimbo ya Kipofu: Maneno Juu ya Kitabu cha Bwana Achebe

Ziko hadithi zisomwazo kwa kupitisha wakati, na ziko zisomwazo kwa kujipima. Hadithi ninayotaka kuieleza mwezi huu ni ya namna ya pili. Mtungaji wake ni Chinua Achebe, mtu wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2013. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatolewa London katika Januari 1966 kwa jina A Man of the People; na kwa Kiswahili yaitwa Mwakilishi wa Watu. Habari yake ni uchaguzi, na fedha zinazotembea wakati wa uchaguzi, na jinsi nchi changa ilivyoanza kuoza ingali mbichi. Kitabu si kipya, lakini jambo linenwalo humo halijazeeka.

Nchi yenyewe haikutajwa jina. Twaambiwa tu kwamba ni nchi ya Afrika iliyokwisha kupata uhuru, na mali yake kubwa ni kahawa. Ikatokea bei ya kahawa kuanguka katika soko la dunia. Waziri wa Fedha, Dakta Makinde, mtu aliyesomea elimu ya uchumi, akaleta shauri gumu: bei wanayolipwa wakulima ipunguzwe, ili hazina isifilisike. Waziri Mkuu akakataa, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu, naye aliziogopa kura za wakulima. Akaamuru Benki ya Taifa ichapishe noti za pauni milioni 15. Mawaziri waliokuwa upande wa Dakta Makinde, nao walikuwa theluthi mbili ya Baraza, wakafukuzwa kazi na kutangazwa kuwa wahaini.

Wasomaji walio wakulima watauona upesi ubaya wa shauri lile. Noti zikizidi na bidhaa zisizidi, bei ya nguo na sukari na jembe hupanda; mkulima huhesabu mkononi fedha zile zile, lakini dukani zanunua kidogo. Basi kile ambacho Waziri Mkuu aliogopa kumkata mkulima waziwazi, alimkata kwa siri. Hii ndiyo rushwa ya kwanza katika kitabu, tena ni kubwa kuliko zote zinazofuata, ijapokuwa hakuna mtu aliyepewa bahasha. Kura za wakulima zilinunuliwa kwa fedha ya wakulima wenyewe. Namsifu mtungaji kwa kuliweka jambo hili mwanzoni, maana wengi wetu tukisikia fedha za uchaguzi twawaza kanga na sukari tu, wala hatutazami hesabu za hazina.

Katika fujo ile ya bungeni alisimama mbunge mmoja wa viti vya nyuma, Chifu Nanga, akapiga kelele za kuwatukana wale mawaziri. Na malipo yake yakawa uwaziri. Zamani Nanga alikuwa mwalimu. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Odili, ambaye ndiye asimuliaye hadithi, na ambaye sasa ni mwalimu katika shule ya Anata.

Mtungaji dhaifu angalimfanya Nanga kuwa zimwi. Achebe hakufanya hivyo. Nanga ana uso wa bashasha, hucheka na mkubwa na mdogo, na mkono wake hutoa. Amkaribisha Odili katika nyumba yake mjini Bori. Na Odili, aliyekuwa akimdharau, alipoona raha za nyumba ile akaona dharau yake inalegea. Nasi tusomao twalegea pamoja naye. Ndipo tunapofahamu kwa nini watu humchagua mtu wanayemjua kuwa mwizi: wema wake wauona kwa macho, lakini wizi wake hawauoni ukitoka mfukoni mwao. Nanga aipigania barabara ya kwenda Anata itiwe lami kabla ya uchaguzi. Watu wafurahi. Lakini mabasi yake 10 yangojea kupita juu ya lami hiyo.

Sasa nifike kwenye habari ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu chote. Pale Anata alikuwako mwenye duka jina lake Josiah. Siku moja alimwita kipofu mmoja mwombaji, jina lake Azoge, akampa wali na tembo la mnazi tele. Kipofu akadhani amekutana na mtu mwema, akala na kunywa. Alipokuwa akila, Josiah akaiondoa fimbo yake, akaweka nyingine mpya iliyofanana nayo, maana aliitaka ile ya zamani kwa uganga wa kuvuta wanunuzi. Kipofu alipotaka kwenda zake akaishika fimbo, mkono wake ukaikataa, akapiga yowe. Watu wakakusanyika. Tangu siku ile hakuna mume wala mke wala mtoto aliyekanyaga dukani kwa Josiah. Hata wasafiri waliosimama njiani walionywa. Kabla ya mwezi kwisha duka lilifungwa. Hapakuwa na polisi wala hakimu. Kijiji chenyewe kilisema: amezidi.

Tafakarini habari hii. Wali ulikuwa wa kweli, wala haukuwa na sumu. Lakini kipofu alipokuwa akishiba, kilichokuwa kikiondoka ni kile kimwongozacho njia. Je, kuna mfano ulio bora wa sahani ya pilau katika juma la uchaguzi? Na mtungaji hakuishia hapo, maana baadaye twamwona Josiah huyu huyu katika mkutano wa Nanga wa kuomba kura, naye ndiye amtambuaye Odili katikati ya watu na kumtoa apigwe. Aliyeiba fimbo ya mtu mmoja amepata bwana aibaye fimbo ya wote.

Odili asikitika kwamba kijiji kina moyo wa kumkataa mwovu, lakini taifa halina moyo huo, kwa kuwa mali ya taifa haina mwenyewe wa kupiga yowe. Maneno haya ni mazito, lakini sikubali kwamba yamemaliza shauri. Nadhani Achebe alijua zaidi ya msimulizi wake, maana ametupa ushahidi mwingine katika kijiji cha Urua, nyumbani kwa Odili.

Pale Urua mabomba ya maji yalikuwa yameletwa, yakilala chini kungojea kazi. Odili na rafiki yake Max walipoanzisha chama kipya, C.P.C., wakafanya mkutano kijijini, magari yakaja kuyachukua yale mabomba. Punde mpiga mbiu akazunguka akitangaza kwamba wazee na madiwani wanamjua mtu mmoja tu, naye ni Nanga. Je, watu hawa walikosa moyo? Mimi naona walipiga hesabu. Maji walihitaji leo; chama cha Odili kilikuwa ahadi tu. Palipo na njia moja ya kupata maji, na nafasi ya masomo, na kazi, na njia hiyo yapita uani kwa mtu mmoja, mtu huyo hana haja ya kununua kura kwa bei kubwa. Kiu yamnunulia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini sharti tuulize ni nani aliyeifunga mikono mingine yote hata ukabaki mmoja wa kulambwa.

Kwa hiyo wanaobishana kama nchi huanguka kwa umaskini wa watu au kwa rushwa ya wakubwa wabishana bure. Kitabu hiki chaonyesha kwamba mambo hayo mawili ni kamba moja iliyosokotwa. Umaskini huifanya kura kuwa rahisi; na kura rahisi huwaweka mamlakani watu ambao faida yao ni umaskini usiishe.

Na wanaopinga je? Nanga alikwenda kumpa Odili pauni 250 na nafasi ya kusoma ng'ambo, ili ajitoe. Odili akakataa. Max naye alipewa pauni 1,000 na Chifu Koko, waziri mwenzake Nanga, ili ajitoe. Akazipokea, akanunua gari la kampeni, wala hakujitoa. Alisema karatasi aliyotia sahihi haina nguvu kisheria. Shauri hili twalisikia hata leo: kula chake, kisha kura mpe mwingine. Lafanana na ujanja, lakini kitabu chalipima na kuliona jepesi. Tangu Max alipokula, mtu yeyote aliweza kusema kwamba wote ni wale wale, tofauti ni zamu tu. Naye Koko hakuihesabu fedha ile kuwa imepotea. Usiku wa uchaguzi gari lake moja lilimgonga Max likamwua. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Kinyume cha Max ni mzee mmoja ambaye wasomaji wengi humpita haraka: baba yake Odili. Mzee huyu, mkalimani wa zamani wa serikali, ni mkuu wa chama cha Nanga kijijini, na kwake fedha za siasa ni za kuliwa. Lakini alipoletewa karatasi ya kukana kwamba mkutano wa mwanawe ulifanyika uani kwake kwa ridhaa yake, huku akiahidiwa nafuu ya kodi, alikataa kuitia sahihi. Kwa hiyo hata mlaji ana mpaka wake, na mpaka huo ni neno alilokwisha kusema mbele ya watu. Nadhani tumaini la kitabu limejificha hapa.

Sasa nitaje kasoro. Watu wengine hulaumu kwamba Odili si safi. Ni kweli: aliingia katika siasa akitaka kumlipiza Nanga kisasi kwa sababu ya mwanamke, na mwishoni, vyama vilipokwisha kupigwa marufuku, aliazimia kukopa katika fedha za chama zilizobaki mkononi mwake ili kurudisha mahari ya Edna, binti aliyeposwa na Nanga. Lakini hili silioni kuwa kosa la mtungaji. Ni onyo kwetu walimu, tunaojidhani kuwa mahakimu wa wengine. Lawama yangu ni juu ya wanawake wa kitabu. Elsie na Edna wagombaniwa kama vikombe vya mashindano, wala hatusikii vema wao wenyewe wawaza nini. Eunice, mchumba wake Max, naye ni mwanasheria. Ndiye aliyempiga Koko risasi kwa kulipiza, lakini amepewa kurasa chache mno kwa tendo kubwa hivyo.

Lawama ya pili ni juu ya mwisho. Askari wa jeshi waja wakaipindua serikali, na Nanga akamatwa akijaribu kutoroka kwa mtumbwi, amevaa kama mvuvi. Msomaji hupumua. Lakini watu wenyewe hawakufanya neno. Walimshangilia mshindi wa jana, wakamshangilia na wa leo. Achebe aliliona hilo na kulisema, ila mlango ule wa jeshi umefunguka upesi mno, na msomaji asiye mwangalifu aweza kudhani kwamba bunduki ni dawa.

Historia ilikijibu kitabu mara moja. Nigeria ilipata uhuru wake mwaka 1960. Katika Oktoba 1965 uchaguzi wa Jimbo la Magharibi ulijaa hila na fujo. Tarehe 15 Januari 1966, mwezi ule ule kitabu kilipotoka, wanajeshi waliipindua serikali, hata wengine wakamshuku Achebe kwamba alikuwa na habari zao. Uchaguzi haukusafishwa kwa mapinduzi yale. Yalifuata mapinduzi mengine katika Julai, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1967 hata 1970. Na mwaka 1983 Achebe aliandika kijitabu akisema kwamba taabu ya Nigeria ni uongozi mbaya. Mimi naona riwaya yake ilikuwa imesema zaidi: uongozi mbaya hulishwa kila siku na mikono mingi.

Wala sisi wa Afrika Mashariki tusisome kama watu wanaochungulia nyumba ya jirani. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ya uchaguzi, likaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura. Neno zuri, lenye harufu ya heshima na ugeni. Wananchi wakalipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vile vyavunja Katiba, kwa kuwa vyambagua mgombea maskini na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hizo ni njema. Lakini hakuna hakimu awezaye kuketi katika kila ua ambako sahani zapitishwa usiku.

Kwa hiyo nawasihi mkitafute kitabu hiki, na mwenye kukisoma awasomee wasiojua kusoma, hasa ile habari ya Azoge. Kisha waulizwe swali moja: fimbo yetu ni ipi? Wengine watasema ni zahanati isiyo na dawa, wengine bei ya zao letu, wengine barabara. Kipofu aliijua fimbo yake kwa kuwa aliishika kila siku. Sisi mali ya taifa hatujaizoea mkononi. Hatuulizi hesabu za kijiji, hatusomi makadirio ya halmashauri, hatukai hata mwisho wa mkutano. Mtu hawezi kupigia yowe kitu ambacho hajapata kukishika.