Mabishano ya Lovanium na Masomo Yetu ya Logika

Katika mwaka wa kwanza wa filosofia kila msemineri hupewa Logika. Hujifunza silojismu na sheria zake. Hujifunza makosa kumi na matatu ambayo Aristoteles aliyahesabu, sita yanayotoka katika maneno yenyewe na saba yanayotoka penginepo. Mtihani ukiisha, mengi ya hayo hurudi katika daftari na kulala humo. Kisha miaka inapita, na padri mpya yuko misioni. Mhubiri wa dhehebu jingine amesimama sokoni na Biblia mkononi, anauliza sababu gani Wakatoliki wanabatiza watoto wachanga. Padri anatoa mstari, yule naye anatoa mstari. Mistari inarushwa kama mawe, na watu waliokusanyika wanahesabu ni nani aliyerusha mengi. Ao padri anakataa kujibu, anasema mambo ya Mungu hayabishaniwi. Mkatekista anayemtazama padri wake atafanya vilevile kwake kilimani.

Hatutaki hapa kulaumu walimu wa Logika. Twataka kusoma upya, kwa jicho la mtu anayejifunza kubishana, maandiko ya mabishano makubwa yaliyofanywa katika nchi yetu yenyewe: yale ya tarehe 29 Januari 1960, katika Fakulti ya Teolojia ya Chuo Kikuu Lovanium, mjini Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Upande mmoja alikuwa Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, ambaye wakati ule alikuwa angali mwanafunzi. Upande wa pili alikuwa Kanoniko Alfred Vanneste, Mbelgiji, dekano wa Fakulti. Swali lilikuwa hili: yaweza kuwapo teolojia ya Kiafrika? Maneno yao yalipigwa chapa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain. Mapadri wengi huyataja, lakini kwa namna wanavyoyataja yaonekana kwamba si wengi walioyasoma. Husema tu: Tshibangu alisema ndiyo, Vanneste alisema hapana, na miaka iliyofuata ilimpa Tshibangu haki. Hiyo ni habari ya mchezo wa mpira. Mtu anayetaka kujifunza kubishana yampasa kuuliza neno lingine: kila mmoja alifikaje pale alipofika?

Kwanza tuwe na kipimo. Mtakatifu Toma, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la pili, articulus wa tatu, anauliza kama Mungu yuko. Haanzi na jibu lake. Anaanza na pingamizi mbili: mabaya yaliyo ulimwenguni, na tena kwamba vitu vyote vyaweza kuelezwa kwa nguvu za asili na za utashi wa mtu bila kumtaja Mungu. Anaziandika kwa nguvu hata msomaji akikoma hapo aweza kudhani kwamba Toma ni mtu asiyeamini. Baadaye ndipo huja sed contra, kisha jibu, na mwisho anarudi kwa kila pingamizi na kulijibu peke yake. Mabishano ya shule yalikuwa na sheria iyo hiyo. Anayetetea hurudilia kwanza maneno ya mpinzani wake, hata mpinzani akiri kwamba ndivyo alivyosema. Kisha kwa kila sehemu husema concedo, nego, ao distinguo: nakubali, nakataa, napambanua.

Sheria hii si ngeni kwetu. Katika barza, mzee anayejua kukata maneno hasemi lake mara moja. Huyarudilia maneno ya upande wa kwanza, kisha ya upande wa pili, na wenye maneno huitikia ao humsahihisha. Asiyefanya hivyo hasikilizwi, hata kama hukumu yake ni sawa. Mtakatifu Inyasi naye, mwanzoni mwa Mazoezi ya Roho, anamtaka Mkristu awe tayari kuliokoa neno la mwenzake kuliko kulihukumu. Na kama hawezi kuliokoa, amuulize kwanza analifahamu namna gani.

Sasa tumpime Tshibangu kwa kipimo hicho. Tukiyaweka maneno yake katika silojismu, yanakuwa karibu hivi. Teolojia ni imani inayotafuta kufahamu. Kufahamu ni kazi ya akili ya mtu, na kila mtu amekulia katika lugha na desturi na namna fulani ya kuutazama ulimwengu. Basi teolojia ya Mwafrika itachukua rangi ya Kiafrika, kama vile ile ya Mashariki na ile ya Magharibi zina rangi zake. Neno la kwanza ni la Mtakatifu Anselmo, na hakuna atakayelikataa. Umbo la silojismu ni zuri. Ugumu uko katika neno la pili, pale inapobidi kuonyesha namna hiyo ya kutazama ni ipi. Hapo mwanafunzi wetu aliegemea yaliyoandikwa miaka ile juu ya akili ya mtu mweusi: kwamba hushika mambo mazima-mazima pasipo kuyakatakata, kwamba hufahamu kwa mifano na kwa moyo, kwamba kwake uhai ni kiungo cha vitu vyote. Tangu Padri Placide Tempels alipotoa kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu mwaka 1945, mawazo ya namna hii yalikuwa yametapakaa.

Mpinzani mkali angesimama hapo: nego minorem. Mwafrika gani? Mluba wa Kasai, Mushi wa Kabare na Mmbuti wa Ituri, je, wana akili moja? Na mzee anayekata maneno ya shamba, akipambanua mpaka kwa mpaka na shahidi kwa shahidi, je, hakatikati mambo vipande-vipande? Kwetu sisi hili ndilo pahali palipo dhaifu katika utetezi wa Tshibangu. Alikuwa na haki katika mwisho wake, lakini kwa kufika huko alitumia kijiti alichokichonga mtu mwingine. Mwalimu anayewasomesha wasemineri maandiko haya asiwafiche jambo hili kwa heshima ya Monsenyeri. Tena laweza kusahihishwa: yatosha kuonyesha kwamba kila akili hufikiri kutoka pahali fulani, na hakuna haja ya kusema kwamba akili zetu zimeumbwa namna ya pekee.

Kanoniko Vanneste alitaka, kama kichwa cha maandiko yake kinavyosema, kwanza teolojia ya kweli. Njia yake ni hii: ufunuo ni kwa watu wote, ukweli ni mmoja, teolojia ni elimu inayoutafuta ukweli huo, basi teolojia yapasa kuwa ya ulimwengu mzima, na Mwafrika aingie katika kazi hiyo kubwa pamoja na wengine pasipo kujifungia katika ua wake.

Hapa ndipo daftari la Logika lingefaa. Toka ukweli mmoja, kanoniko amefika kwa teolojia moja, na katikati neno «teolojia» limebadili maana. Distinguo. Teolojia kwa upande wa kile inachokitafuta ni moja: concedo. Kwa upande wa njia ya anayetafuta: nego. Toma na Bonaventura walifundisha katika mji mmoja, Paris, wakafa wote wawili mwaka 1274. Waliamini Credo moja, lakini yeyote aliyesoma kurasa kumi za kila mmoja anajua kwamba hawakupita njia moja. Tena ile teolojia iliyoitwa ya ulimwengu mzima nayo ilizaliwa pahali fulani. Ilijengwa katika vyuo vya Ulaya, kwa vyombo vya Aristoteles, na vitabu vingi vya Aristoteles vilifika huko kupitia kwa Waarabu. Kama chombo cha mpagani Mgriki kiliweza kubatizwa, anayesema kwamba cha kwetu hakiwezi ndiye anayedaiwa ushuhuda. Onus probandi ni lake.

Lakini katika maneno ya Vanneste kuna pingamizi moja ambalo wapenzi wa Tshibangu hulirukia haraka mno, nalo kwetu ni zito kuliko yote. Aliogopa Waafrika wasije wakapewa teolojia ya daraja la pili: wengine wanabaki na Kiebrania, Kigriki, Mababa na historia ya mafundisho, na sisi tunabaki na methali. Ni hofu ya bure? Twajua maandiko ya mwisho wa masomo ambayo neno «Afrika» limo katika kichwa, na ndani yake hamna hata mstari mmoja wa Injili uliochunguzwa. Wengine hawatapenda tuseme hivi. Basi na waonyeshe kinyume.

Jibu lililo bora zaidi kwa pingamizi hilo halikutolewa siku ile ya Januari. Mwaka 1965 Tshibangu alitoa kitabu chake kikubwa, Théologie positive et théologie spéculative, kinachochunguza njia za teolojia yenyewe jinsi zilivyofanywa katika mapokeo ya Eklezia. Yaani alikwenda kufanya kazi ileile ambayo mpinzani wake aliidai, na akaifanya vizuri, bila kuliacha neno lake la kwanza. Kwa kweli, kumjibu mtu namna hiyo ni kumheshimu.

Tutazame tena siku yenyewe. Tarehe 27 Januari 1960, huko Brussels, wakubwa wa mkutano wa Meza ya Duara walikubaliana kwamba uhuru wa Kongo utakuwa tarehe 30 Juni. Siku mbili baadaye, mwanafunzi Mkongomani na dekano wake Mbelgiji wanabishana juu ya neno «Kiafrika» mbele ya watu. Ingekuwa rahisi kwa mmoja kusema: wewe ni mkoloni, na kwa mwingine: wewe ni mtoto, unachochewa na siasa. Walibaki katika swali. Na dekano alikubali kusimama upande mmoja kama mwenye kubishana, angaliweza kukaa juu kama mwenye kuhukumu. Tunapoona leo madarasa ambamo swali la msemineri huhesabiwa kuwa ukosefu wa adabu, ambamo «mkubwa amesema» hufunga maneno, twaona kwamba Lovanium ya 1960 ingali mbele yetu. Toma mwenyewe, katika swali la kwanza la Summa, anasema kwamba ushuhuda unaoegemea mamlaka ya watu ndio dhaifu kuliko zote, ingawa ule unaoegemea ufunuo wa Mungu ndio wenye nguvu kuliko zote. Mwalimu si ufunuo.

Kwa sababu iyo hiyo hatupendi wanaoyamaliza mabishano haya kwa kutaja yaliyofuata: Paulo VI akisema huko Kampala mwaka 1969 kwamba Waafrika waweza na wapaswa kuwa na ukristu wa Kiafrika, ao Roma ikikubali mwaka 1988 Misale ya majimbo ya Zaire. Mambo hayo ni furaha yetu. Lakini hayaonyeshi kwamba silojismu fulani ya mwaka 1960 ilikuwa sawa. Oscar Bimwenyi Kweshi, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya usemi wa teolojia wa Waafrika weusi, aliyachukua tena maneno ya wale wawili na kuyapepeta, kwani aliona kwamba hayajaisha.

Baraza la Pili la Vatikano, katika Optatam totius, hesabu ya 15, lataka namna ya kufundisha filosofia iamshe katika wasemineri mapendo ya kuutafuta ukweli kwa ukali, kuushika na kuuonyesha, wakikiri pia mipaka ya akili ya mtu. Mapendo ya namna hiyo hayaamki kwa kukariri pingamizi pamoja na majibu yake, kama mwongozo unavyoyapanga. Mpinzani wa mwongozo amekwisha kufa; hajitetei, wala haulizi tena.

Twashauri basi kwamba maandiko haya mawili yasomwe katika mwaka wa kwanza wa filosofia, nusu ya darasa ikishika neno la Vanneste, nusu la Tshibangu. Na kwa neno la Vanneste wachaguliwe wale wasiolipenda. Sheria iwe moja tu: hakuna ruhusa ya kujibu kabla ya mpinzani kukiri kwamba maneno yake yamerudiliwa sawasawa. Na yafanywe siku moja kwa Kilatini ao Kifransa, siku ya pili kwa Kiswahili. Siku ya pili ndiyo ngumu, kwani msemineri hawezi tena kujificha nyuma ya maneno kama objectum formale. Itambidi aseme ni kitu gani.

Wakiisha kuzoea, wapewe swali lisilo na jibu tayari. Maaskofu wa Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 waliliita Eklezia Jamaa ya Mungu, nasi twaliimba na kulihubiri jina hilo. Lakini katika jamaa zetu kuna wazaliwa na kuna wageni. Kuna wanaorithi na wanaotumika. Kuna ndugu wa damu wanaopewa kazi kwanza, na wa kabila jingine wanaongoja. Je, jina hilo kwetu linafungua mlango ao linaufunga? Mmoja asimame atetee kwamba linaufungua, kwa kuwa ubatizo hubadili maana ya damu. Mwingine ajibu kwamba jina huvuta nyuma yake desturi zote za kitu lilikotoka, na kwamba katika parokia kadha wa kadha twayaona. Mwalimu akae kimya hata kengele ilie.