Kiatu cha Kahawia na Ufundi wa Kukioanisha

Kiatu cheusi humsamehe mvaaji mengi. Kivae na suti ya kijivu, na suruali ya bluu, na sare ya kazi, hakuna atakayekuuliza. Kiatu cha kahawia hakina msamaha huo. Kikikaa vizuri na nguo, mvaaji anapendeza kuliko wote waliomo chumbani. Kikikaa vibaya, miguu yake ndiyo inayoonekana kabla ya uso. Kwa sababu hiyo nakisifu. Kinamlazimisha mtu aangalie kabla ya kuvaa, na kuangalia huko ni ufundi kamili, unaostahili kufundishwa na kurithishwa.

Wengi wetu tulilelewa na kiatu cheusi. Sare ya shule ilikitaka, na mwalimu wa zamu alikikagua mstarini asubuhi. Tulipomaliza shule tukakipeleka ofisini, kanisani, harusini na msibani, bila kufikiri. Cha kahawia huja baadaye, mtu akishaanza kupata kipato chake, akakiona kwenye duka la Kariakoo au akakichomoa kwenye rundo la mitumba pale Karume au Gikomba. Anakipenda kwa rangi yake. Akifika nyumbani anakivaa na suruali nyeusi na mkanda mweusi, kwa kuwa ndivyo alivyozoea, kisha anashangaa mbona hakipendezi kama kilivyopendeza dukani.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba kahawia si rangi moja. Kuna iliyopauka kama mchanga, kuna ya kati, kuna iliyokoza hadi kukaribia nyeusi, na kuna ile yenye wekundu tunayoiita damu ya mzee. Asili ya rangi hizi za ngozi ni miti. Kwa karne nyingi ngozi ililainishwa na kuhifadhiwa kwa maji ya magome, na pwani yetu ilikuwa na mchango katika biashara hiyo: magome ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji yalisafirishwa nje kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Nyanda za juu za Njombe nazo zilipandwa miwati kwa ajili ya gome hilohilo. Ngozi iliyopita kwenye maji ya magome hutoka tayari ikiwa kahawia, kabla haijaguswa na rangi yoyote. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ikaja njia ya kutumia chumvi za kromi, ambayo ni ya haraka zaidi. Ngozi yake hutoka na ubuluu, ikabidi ipakwe rangi baadaye.

Tofauti hiyo ina maana kwa mvaaji. Ngozi ya magome huendelea kukoza kwa jua, mafuta na miaka. Kiatu ulichokinunua kikiwa na rangi ya asali, baada ya misimu kadhaa kitakuwa kimeiva, na nguo zilizokifaa mwanzoni huenda zisikifae tena. Anayejua kuvaa hufuata mabadiliko hayo. Kiatu kinapokoza, anakipandisha kutoka kwenye jinzi hadi kwenye suti.

Wapo waliokikataa kabisa kiatu hiki mjini. Waingereza walikuwa na kanuni ya zamani: cha kahawia ni cha shambani na mawindoni, cheusi ni cha mjini. Kanuni hiyo ilikawia kufa. Mwaka 2016 tume ya serikali ya nchi hiyo inayoshughulikia usawa wa fursa ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba vijana walioomba kazi katika benki za uwekezaji waliweza kuhukumiwa kwa kuvaa viatu vya kahawia na suti, hata wakiwa na uwezo mzuri. Hawakujua sheria ambayo hakuna aliyewahi kuwaambia. Waitaliano, kwa upande wao, wamevaa kahawia na suti ya bluu kwa miaka mingi, na ulimwengu unawasifu kwa uvaaji.

Sisi hatuna sababu ya kuurithi mpaka huo wa Waingereza. Mwanaume wa pwani alikwenda msikitini na harusini akiwa amevaa makubadhi ya ngozi ya kahawia. Tazama vazi hilo kwa makini: kanzu nyeupe au ya rangi ya maziwa, kofia iliyotiwa nakshi kwa uzi, koti juu, na chini ngozi ya kahawia isiyo na mapambo mengi. Hakuna kinachogombana na kingine. Weupe wa kanzu unaipa ngozi nafasi, na ngozi inauzuia weupe usielee. Kanuni zote za kuoanisha zimo humo: tofauti ya rangi iwe wazi, na kitu kimoja tu ndicho kiongee kwa sauti.

Suti ya bluu iliyokoza ndiyo rafiki mkubwa wa kiatu cha kahawia, lakini kahawia nayo iwe imekoza. Mabwana harusi wengi wa siku hizi huvaa suti hiyo na kiatu kilichopauka sana, na picha zinapotoka macho yote yanaelekea chini. Suti ya kijivu kizito inapendeza na damu ya mzee. Ya kijivu chepesi inabeba kahawia ya kati. Suti nyeusi iachiwe kiatu cheusi, na msibani vilevile, maana pale huendi ili uonekane.

Suruali ya kadeti na kaunda suti ya kaki zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Hapo hatari ni kufanana. Kiatu chenye rangi ileile ya suruali humfanya mtu aonekane kama amemiminwa katika kalibu moja. Kiatu kikoze kuliko suruali, hatua moja au mbili. Jinzi ya bluu hupokea karibu kila kahawia, hasa buti na ngozi ya suedi yenye vinyweleo laini. Kitani cheupe katika joto la Dar es Salaam kinataka moka nyepesi. Na kwa shati la kitenge au batiki, tafuta kahawia iliyomo ndani ya maua yenyewe, hata kama ni mstari mwembamba, kisha chagua kiatu cha rangi hiyo. Shati lenye rangi tano litatulia mara moja.

Umbo nalo lina daraja lake. Oxford, ambayo mbavu zake za kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, ni ya suti. Derby, ambayo mbavu zake zimekaa juu na kufunguka, inashuka hadi kwenye kadeti na jinzi. Matundu ya mapambo kadiri yanavyoongezeka, ndivyo kiatu kinavyosogea mbali na ofisi. Mkanda uwe wa ukoo mmoja na kiatu, si lazima pacha wake. Soksi zifuate suruali. Wafuasi wa La Sape kule Brazzaville na Kinshasa, watu walioufanya uvaaji kuwa nidhamu ya maisha, hushika kanuni ya kutozidisha rangi tatu katika vazi zima. Anayeanza atavuka salama akiishika hiyo peke yake.

Lakini nusu ya ufundi huu haiko kwa mvaaji. Iko kwa fundi aliyeketi pembeni ya barabara na sanduku lake la mbao. Mwangalie anavyoanza. Anatoa kamba kwanza, anafuta vumbi kwa brashi hadi kwenye ukingo wa soli, anapitisha kitambaa chenye unyevu. Kisha anazungushia kidole kipande cha fulana kuukuu, anagusa dawa ya viatu kidogo sana, na kuisugua kwa miduara midogo hadi ipotee ndani ya ngozi. Anasubiri. Anapiga brashi. Kwenye ncha na kisigino anarudia kwa dawa iliyokoza zaidi, na tone la maji, huku akiiacha sehemu ya kati ilivyo. Kiatu kilichokuwa na rangi moja bapa kinapata kina: kimekoza pembeni, kimeng'aa mbele, na chepesi katikati.

Fundi wa namna hiyo anaoanisha pamoja nawe. Kiatu chako kikipiga kelele mbele ya suti, yeye anaweza kukituliza taratibu, kila wiki kidogo, hadi kikubaliane nayo. Anajua ngozi ipi inakunywa dawa na ipi inaikataa. Atakukataza kupaka dawa kwenye suedi, akupe brashi kavu. Ujuzi huo ameupata kwa mikono, na miji yetu inapendeza kwa sababu yake kuliko inavyokiri.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya watu wenye fedha. Si kweli. Jozi moja ya derby ya kahawia iliyokoza, isiyo na mapambo, hata ikiwa ya mtumba, itakutosha kazini, harusini na safarini kwa miaka ukiitunza. Kinachohitajika zaidi ni jicho, na jicho halinunuliwi. Basi kijana unayejiandaa kununua kiatu chako cha kwanza cha kahawia, kipeleke kwanza kwenye mwanga wa jua, kiweke kando ya suruali unazozivaa kweli, ndipo utoe fedha. Kisha mtafute fundi mzuri, dumu naye, na umlipe anachostahili.