Mizani ya Giza

Je, yafaa kijana apewe hadithi yenye giza? Swali hili twaweza kulipima kwa riwaya ya Nnedi Okorafor, *Akata Witch*, iliyotolewa mwaka 2011. Ndani yake mna uchawi, mizimu na mwuaji wa watoto. Mzazi akiifunua katikati aweza kuifunga upesi.

Hadithi ni ya Sunny, msichana wa miaka 12 mwenye ualbino, aliyezaliwa New York akaja kukaa Aba, Nigeria. Shuleni huchekwa na kuonewa. Apenda kandanda, lakini jua humzuia kucheza mchana. Baadaye atambua kuwa yu mmoja wa Watu wa Chui, jamaa ya siri yenye uchawi. Na pamoja na Orlu, Chichi na Sasha atumwa kumkabili Black Hat Otokoto, mtu awatekaye watoto na kuwaua.

Kitabu hakipimwi kwa wingi wa giza lake, bali kwa kazi ya giza hilo. Ngano za bibi zetu zilijaa mazimwi walao watu, wala hazikutuharibu, kwa kuwa zimwi hakupewa sifa. Hapa pia uovu hausifiwi. Otokoto hutafuta nguvu kwa damu ya wengine. Watoto hupata zao kwa kujifunza. Kila waelewapo jambo jipya, fedha iitwayo chittim huwaangukia.

Hatari ya kitabu haimo katika vitisho vyake. Imo katika kuufanya ualbino wa Sunny kuwa dalili ya kipawa cha uchawi. Katika Afrika ya Mashariki watu wenye ualbino wamewindwa, wakakatwa viungo na kuuawa, kwa sababu wauaji waliamini kuwa miili yao ina uchawi. Msomaji asiye mwangalifu aweza kuupata hapa ushahidi wa imani ile ile.

Hata hivyo tofauti ni kubwa. Mbele ya mwuaji, mtu huyo ni kitu cha kuuzwa. Mbele ya mwandishi, Sunny ni mtoto mwenye jina, rafiki, hasira na ushujaa, na kipawa chake ni mali yake mwenyewe.

Basi riwaya hii yawafaa wanafunzi wa sekondari, kwa sharti moja: darasa liijadili, na tofauti hiyo itajwe waziwazi. Akiachwa peke yake, kijana aweza kuubeba uchawi akamsahau Sunny.