Onyo, Tahadhari na Kamsa: Neno Moja Halitoshi

Katika tafsiri za maelezo ya mitambo zinazofika maofisini na vyuoni, neno "onyo" limetwishwa kila mzigo. Taa ikiwaka ni onyo. Kengele ikilia ni onyo. Mtumishi akichelewa kazini naye hupewa barua ya onyo. Kwa mashine ya kusaga nafaka huenda hasara si kubwa. Kwa waongoza ndege, uvivu huu wa istilahi hauvumiliki.

Usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, ndege mbili ziligongana karibu na Überlingen, kusini mwa Ujerumani, wakafa watu 71. Anga hiyo iliongozwa kutoka Zurich, na mwongozaji mmoja alikuwa akihudumia meza mbili peke yake. Mtambo wa kutambua ndege zinazokaribiana ulikuwapo, lakini ishara yake ya kuonekana kwenye kioo cha rada haikufanya kazi kwa sababu ya matengenezo. Ile ya sauti ililia sekunde 32 kabla ya ajali. Uchunguzi ulibainisha kuwa hakuna aliyeisikia. Huko Guam, tarehe 6 Agosti, 1997, mambo yalikuwa mengine. Mtambo wa kumjulisha mwongozaji kuwa ndege imeshuka mno ulikuwa umebanwa kwa makusudi, ili kupunguza milio isiyo na maana. Ndege ya Korean Air ikagonga kilima, wakafa watu 228.

Mlio wa uongo, utokanao na hitilafu ya mtambo, si sawa na mlio ambao mtambo umefuata kanuni yake barabara, ila mwongozaji amekwisha kuiona hatari na kuchukua hatua. Wa kwanza ni kazi ya fundi. Wa pili ni kazi ya msanifu, naye hana budi kuvipima upya vipimo vyake. Kuyaita yote mawili "onyo la uongo" ni kumpoteza mwanafunzi. Yafaa tuseme "kamsa ya uongo" na "kamsa ya bure". Wapo watakaodai kuwa kamsa ni neno la kijijini, la wizi wa ng'ombe. Ni kweli, na ndiyo sifa yake: kamsa ikipigwa, mtu huacha alilo nalo akatoka mbio. "Tahadhari" ibaki kwa jambo ambalo bado lina nafasi ya kufikiriwa, na "arifa" kwa habari tupu.

Gumu zaidi ni tamko la kifaa kilichomo ndani ya ndege, kinachomwambia rubani apande au ashuke. Katika ajali ya Überlingen rubani mmoja alikitii kifaa akashuka. Mwenziwe alimtii mwongozaji, akashuka vilevile. Kiingereza hulipa tamko hilo jina lenye maana ya ushauri. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "ushauri wa kukwepa", na msomaji wetu ataelewa kuwa ana hiari ya kuukataa. Kumbe kanuni za kimataifa, zilizofafanuliwa baada ya ajali ile, zamtaka rubani alifuate tamko hilo hata mwongozaji akisema vingine, isipokuwa pale ambapo kulifuata kungeihatarisha ndege. Kwa Kiswahili hiyo ni "amri ya kukwepa". "Agizo" liachiwe maneno ya mwongozaji, kwani tukiyachanganya hayo mawili rubani hatajua ni lipi la kutanguliza.