Kilo mia mbili juu ya paa

Kila niliyemsimulia ajali yetu aliuliza swali lilelile: "Mlikuwa mnakimbia?" Nami nilijibu kila mara kwamba hatukukimbia. Tulikuwa kwenye kilomita 30 kwa saa hivi, kiangazi, katika njia ya Kivu inayoiacha barabara ya taifa namba 2 pale Kanyabayonga na kushika magharibi, kupitia Luofu na Miriki, kuelekea Buleusa. Udongo ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama tofali. Kwenye kona ya kushoto, tairi za kulia ziliingia katika mfereji uliochimbwa na malori wakati wa mvua. Gari likainama, likasita kidogo kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, kisha likalala kwa ubavu wa kulia. Injini ilikuwa bado inaunguruma.

Hatukuzika mtu. Mwenzetu aliyekaa nyuma kwenye benchi la ubavuni, bila mkanda, alivunjika mtulinga. Magunia mawili ya unga wa muhogo, madumu ya mazuti (dizeli), tairi la akiba na sanduku la bati vilitapakaa hadi kwenye shamba la watu. Dereva, mtu mzima aliyezijua njia za Walikale kabla mimi sijaota ndevu, alitokea dirishani, akalizunguka gari, akaitazama keria iliyopinda. "Papa," akaniambia, "gari haina kosa. Kosa iko kule juu."

Nimeyapiga hesabu maneno yake, na nimemkuta na haki, ingawa si yote.

Gari lenyewe kila mtu wa Masisi na Walikale analitambua kwa mlio kabla halijatokea: Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ndefu, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo. Mashirika ya misaada yanalipenda kwa sababu halina mambo mengi. Fundi mwenye spana na akili analifungua chini ya mwembe na kulifunga tena. Lakini limesimama juu, na kwa kimo chake si pana. Tuseme kati ya tairi la kushoto na la kulia kuna mita 1.45, na kitovu cha uzito wa gari tupu kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Chukua nusu ya upana, gawa kwa kimo cha kitovu: unapata 0.97. Gari la namna hiyo linaanza kuanguka likiinamishwa nyuzi 44.

Sasa panda kwenye keria. Gari la kilo 2200 liongezee kilo 200 kwenye kimo cha mita 2.1. Kitovu kinapanda hadi sentimita 86, na zile nyuzi 44 zinakuwa 40. Nne tu, utasema. Subiri kwanza. Mfereji wa kina cha sentimita 30 upande mmoja unaliinamisha gari nyuzi 12. Kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 15, ukiikata kwa kilomita 30 kwa saa, inalisukuma gari nje sawasawa na kuliinamisha nyuzi 25 nyingine. Jumla 37. Zimebaki 3, na hizo zina walaji wengi: springi zilizobanwa upande mmoja, tairi linalobonyea, mazuti yanayocheza ndani ya dumu lisilojaa, na abiria wa mabenchi walioangukiana wote upande uleule.

Paa lingekuwa tupu, tungebaki na nyuzi 7. Tungepiga kelele, tungemlaumu dereva, tungefika. Kwa hiyo mzee alisema kweli. Lakini rudia hesabu ukiacha mzigo mahali pake na kushusha mwendo hadi kilomita 20: kona ileile inadai nyuzi 12 badala ya 25. Mzigo wote wa juu ulitunyang'anya nyuzi 4; kilomita 10 za mwendo zilitunyang'anya 13. Basi naomba radhi kwa wote niliowajibu vibaya. Tulikuwa tunakimbia.

Na tulikimbia kwa sababu inayojulikana. Katika njia zile hakuna anayetaka jua limzamie barabarani, na kanuni ya kufika kabla ya giza, iliyowekwa kumlinda abiria dhidi ya watu wenye bunduki, humsukuma dereva kukanyaga mafuta saa za alasiri. Mkianza safari saa nne kwa sababu karatasi haijapigwa mhuri, kona za saa kumi zitalipia huo mhuri.

Wakati wa mvua mambo hugeuka. Tope halina mshiko wa kulipindua gari, linaliacha liteleze. Hatari inakuja pale gari linaloteleza kiubavu linapokutana na ukuta wa mfereji au jiwe: tairi zinasimama ghafla, na kilichoko juu kinaendelea na safari yake, mithili ya mtu aliyekwaa kisiki. Ndiyo maana dereva mzuri wa Kivu, tope likiwa zito, huweka tairi kwenye tuta katikati ya mifereji au hukubali kuingia ndani ya mifereji yote miwili kwa pamoja. Asilolitaka ni tairi moja ndani, jingine nje.

Baada ya ajali, mwenye gari aliamua jambo ambalo wengi huliamua: kufunga kizimba cha mabomba, ambacho mafundi waliosomea ufundi kwa Kifaransa hukiita arso. Wazo hilo si baya. Waswidi walilazimisha fremu ya namna hiyo kwenye matrekta mapya tangu 1959. Na watu wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wamezoea kuona gari likibiringika mara tatu na waliomo wakatoka wakitembea. Swali ni kizimba gani, na kimeshikwa na nini.

Fundi wa kwanza Goma alikuja na bomba la maji. Lilikuwa zito, linang'aa, na bei yake ilifurahisha. Nilimshika mkono. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa magari ya rali zinataka upinde mkuu uwe wa bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la maji mara nyingi lina mshono, na mshono ndio unaofunguka linapopigwa. Lina zinki pia, ambayo usipoikwangua inaharibu kulehemu na kumwachia fundi homa ya usiku kucha. Tena kuna kupinda: kanuni inataka mpindo usiwe mkali kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba. Lile la fundi wetu lilikuwa na mikunjo ndani ya kona kama shingo ya kobe. Kila kunyanzi ni mahali palipokwisha kuchaguliwa pa kuvunjikia.

Lakini kosa kubwa zaidi huwa miguuni. Kata bomba la 45 kwa 2.5, utazame mdomo wake: eneo la chuma ni sentimita za mraba 3.3 tu. Gari likilala juu ya paa, mdomo huo unakuwa patasi, na sakafu ya bati inakuwa karatasi. Kizimba kinabaki kizima, kinatoboa sakafu, na paa linashuka juu ya vichwa kama kwamba hakikuwepo. Ndiyo sababu FIA wanadai bamba chini ya kila mguu, lisilopungua sentimita za mraba 120 na unene wa milimita 3. Nguvu ileile inagawanywa juu ya eneo kubwa mara 36. Bamba hilo ndilo linalosahauliwa, kwa kuwa haliko machoni pa mteja.

Na Land Cruiser ina mtego wake. Bodi yake imekalishwa juu ya chesisi kwa vipande vya mpira, na kwenye njia mbaya chesisi inajipinda huku bodi ikijaribu kubaki ilivyo. Fundi akifunga mguu mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye chesisi, atakuwa amezifunga pingu sehemu mbili zinazocheza kila moja kivyake. Baada ya miezi utaona nyufa pembeni mwa kulehemu.

Kuna jambo ambalo wauza vizimba hawalitaji. Dereva wa rali amevaa kofia ngumu na amefungwa mikanda ya kumkandamiza kitini. Abiria wa kwenda Buleusa ana kilemba au kichwa kitupu. Bomba la chuma karibu na sikio lake, kwenye njia inayotikisa hivi, ni nyundo inayosubiri. Kwa hiyo nilishauri upinde mmoja tu, nyuma ya viti vya mbele, mbali na vichwa, wenye mabamba yake, wavu wa kuzuia mzigo usiruke mbele, na mabenchi ya ubavuni yang'olewe na kuwekwa viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda ya kupita begani. Mabenchi ndiyo yaliyochelewa kuondoka. Mabenchi mawili yanabeba watu wengi, na hakuna mkubwa anayependa kuambiwa gari lake sasa linabeba wachache.

Likaja wazo la tela: mzigo ushuke kutoka paani, uvutwe nyuma. Kwa hesabu ya kupinduka ni sahihi kabisa, na hadi Kanyabayonga ningelikubali, mradi karibu asilimia 10 ya uzito wa tela ikae mbele, juu ya kiungo. Ukiulundika mzigo nyuma, mkia wa tela unaanza kucheza, na ukishacheza unaongeza.

Baada ya Kanyabayonga nililikataa. Kwenye mteremko wa asilimia 15, tela la kilo 1000 lisilo na breki zake linalisukuma gari kwa nguvu ya kilo 150 hivi, na kwenye kona halisukumi mbele: linasukuma matako ya gari kuelekea bondeni. Gia ya kwanza ya chini itakusaidia kushuka polepole, lakini tope linapokosa mshiko hata gia haina la kufanya. Kisha fikiria umekutana na lori la Fuso lililojaa mbao, watu wamekaa juu yake, na mmoja wenu lazima arudi nyuma mita 200 kwenye ukingo wa mlima. Arudi na tela?

Tena tela huacha nyuma ya gari lile tufe la chuma la kulifungia, na siku mkikwama kila mtu atalitundikia kamba. Halikuumbwa kwa mshtuko wa kuvuta gari lililozama. Likikatika linaruka na kamba kama jiwe la kombeo, na wanaosimama karibu na kamba ni vijana wa kijiji waliokuja kusukuma kwa fedha kidogo. Funga kwenye ndoano za chesisi, tupa koti zito juu ya kamba katikati, na uwasogeze vijana hao mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, hata kama wanacheka.

Aliyenipa jibu la mzigo ni mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, pale Goma, karibu na ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko. Alikuwa anafunga magunia ya makaa. Ubao wa chombo chake uko chini, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira ni madogo, na mzigo umelazwa kwa urefu. Alipoongeza gunia la tatu alilisukuma mbele, karibu na usukani. Sikumwona akitaka kulisimamisha juu ya mengine. Breki yake ni kipande cha tairi kinachobanwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma, na akizidiwa kwenye mteremko anaruka pembeni, chombo kinakwenda peke yake. Sisi tuliofungwa ndani ya bati hatuna ruhusa hiyo.

Safari iliyofuata keria ilibeba tairi la akiba na koleo tu. Mazuti yalitangulia kwa pikipiki. Magunia ya unga yalilazwa sakafuni nyuma ya wavu, yamefungwa kwa mikanda, na kwa kuwa moja lilikuwa na tundu, kila shimo la barabara lilipuliza wingu ndani. Tulitoka Kanyabayonga alfajiri. Kwenye ile kona dereva alishusha gia, akaipita kama anayepita msibani. Tulishuka Buleusa weupe hadi kwenye kope, na watoto wakatukimbia.