Stadioni, Pima na Mita: Uhakiki wa Tafsiri ya Vipimo vya Wagiriki wa Kale

Kugeuza mita kuwa vipimo vya Wagiriki wa kale, au kugeuza vipimo hivyo kuwa mita, huonekana kuwa kazi ya hesabu tu. Kwa maoni yetu ni kazi ya istilahi kwanza. Mfasiri asiyebainisha ni kipimo gani anachokitaja hataokolewa na hesabu, hata ikiwa sahihi.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kina kikubwa kabisa cha Ziwa Nyasa, ambalo ufuko wake wa Ruvuma ulikuwa katika Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012, hutajwa kuwa mita 706. Tukitaka kukieleza kwa orguia, yaani kipimo cha Wagiriki cha mikono miwili iliyonyooshwa, hatuna budi kuuliza: orguia ya wapi? Orguia moja ilikuwa futi 6, na stadioni moja futi 600; lakini futi yenyewe haikuwa moja katika kila mji. Njia ya mbio ya Olympia ina urefu wa mita 192.27, ile ya Delphi ina mita 177.5 hivi. Kwa kipimo cha Olympia, ziwa letu lina kina cha orguia 367 hivi. Kwa kile cha Delphi, 398. Maji ni yale yale, bali tofauti ni orguia 31.

Katika masomo ya sayansi tofauti hiyo huleta madhara makubwa zaidi. Eratosthenes, katika karne ya 3 K.K., alikadiria mzingo wa dunia kuwa stadioni 250,000. Kwa stadioni ya Olympia hizo ni kilomita 48,000 hivi. Kwa ya Delphi, 44,400 hivi. Wako wataalamu walioshikilia kwamba stadioni yake ilikuwa mita 157.5, hapo jibu huwa kilomita 39,375, karibu sana na 40,000 zinazojulikana leo. Kitabu kinachomwambia mwanafunzi kwamba Eratosthenes alipata kilomita 39,375, bila neno zaidi, kimemficha ubishi mzima. Mwanafunzi huyo amefundishwa kustahi tarakimu, hakufundishwa kuipima.

Wafasiri wa Biblia walikutana na tatizo hili zamani. Luka ataja stadioni 60 kutoka Yerusalemu hadi Emau. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 iliueleza umbali huo kwa mwendo wa saa mbili. Biblia Habari Njema yataja kilomita 11. Njia ya kwanza humfaa aendaye kwa miguu, lakini saa si kipimo cha urefu: saa mbili za kupanda milima ya Umatengo si sawa na saa mbili za kutembea kandokando ya ziwa. Njia ya pili ni bora, nayo ina busara ya kutotia desimali. Hata hivyo, zote mbili zimelifuta neno stadioni.

Tafsiri ya Muungano ilifaulu zaidi katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, ambapo mabaharia wanapima kina cha bahari. Pale orguia imekuwa pima. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anyooshaye mikono kupima kamba hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Tena ulinganifu wake ni wa mfumo mzima: kwetu shubiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima moja, kwa Wagiriki uwiano ulikuwa huo huo. Hata futuri, ya gumba na kidole cha shahada, walikuwa nayo. Hatukuazima kwao, sisi na wao tulipima kwa mwili wa binadamu.

Kwa hiyo twapendekeza haya:

(a) Vipimo vya mwili vifasiriwe kwa shubiri, mkono na pima, bila kudai kwamba vinalingana kwa sentimita.

(b) Stadioni ibaki stadioni. Kuiita uwanja kutamfanya msomaji afikirie mahali pa kuchezea mpira.

(c) Mita au kilomita ziwekwe katika tanbihi, zikitanguliwa na neno "kadiri ya", na stadioni iliyotumika itajwe.

(d) Jibu lisiwe na usahihi kuliko kipimo kilicholizaa.

Mwalimu atakayefuata utaratibu huu atawapa wanafunzi wake namba pamoja na mashaka yake, na hayo mawili ndiyo sayansi.