Bwana Msa: Je, Ubapa wa Mhusika ni Dosari?

Watahiniwa wengi wamezoea kuandika kwamba mhusika bapa ni mhusika dhaifu. Hapa Magunga, katika Kaunti ya Homa Bay, kauli hiyo hujitokeza kila tunaposahihisha kazi za uhakiki. Makala haya yanaipima kwa kutumia riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar.

Abdulla (1918–1991) alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ilifuatwa na Kisima cha Giningi (1968) na nyingine kadhaa, hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Katika mfululizo huu mpelelezi ni yule yule: Bwana Msa, raia asiye askari, mwenye kiko chake, utulivu wake na rafiki yake Najum. Wahakiki wengi wamemlinganisha na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Kitabu kipya kinapotoka, kisa ni kipya ila mtu ni yule yule. Je, hii ni dosari?

Kwanza, tutazame kazi ya ubapa huo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inapatikana mahali panapoogopwa kwa sababu ya mizimu. Uvumi una jibu kabla ya uchunguzi kuanza. Jibu hilo linamfaa nani? Linamfaa muuaji, kwani mzimu haushtakiwi. Lau Bwana Msa naye angetikisika, msuko ungeporomoka na dhamira ya kupinga ushirikina ingepotea. Utulivu wake ndio kipimo cha hofu ya wengine. Somo hili si geni kwetu: kifo cha ghafla kinapotokea kijijini, mara ngapi jina la mchawi hutajwa kabla ya ripoti ya daktari?

Pili, tukiri gharama yake. Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili, Mapinduzi ya Januari 1964 yaliigeuza Zanzibar. Bwana Msa hakugeuka. Akili inayomfichua muuaji mmoja haigusi sana swali la nani ana shamba na nani ni mtumishi. Hapo ndipo mhakiki anapoweza kumlaumu mwandishi kwa haki.

Kwa hivyo, mtahiniwa asikomee kutaja kwamba mhusika ni bapa. Aeleze ubapa huo unajenga nini na unaficha nini, kisha atoe ushahidi kutoka kwenye matini.

Zoezi: "Kutobadilika kwa Bwana Msa ni nguvu na pia udhaifu wa riwaya za Abdulla." Jadili. (Alama 20)